Anayetaka kukupa hakuombi utoe kwanza: barua pepe za matapeli na makanisa yetu ya Butembo na Beni



Makala hii imetokana na hasara. Katika parokia moja tunayoihudumia, kamati ilipokea barua pepe kutoka kwa mama aliyejitambulisha kuwa mjane Mkristo wa Ulaya. Alisema amesoma habari za yatima wa mauaji ya upande wa Beni, moyo wake umeguswa, na kwa kuwa daktari amemwambia hana siku nyingi, angependa kutoa dola 25,000 kwa ajili ya shule yetu. Barua iliandikwa kwa Kifaransa kizuri. Ilitaja Zaburi. Ilikuwa na picha ya mama mwenye mvi akiwa kitandani. Tuliisoma kwa sauti katika maombi ya asubuhi, na wamama walilia.

Baada ya siku nne ikaja barua ya pili, kutoka kwa mtu aliyejiita mwanasheria wake. Dosie iko tayari, alisema, yabaki dola 380 za kuifungua. Zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa, na jambo libaki siri kati ya mchungaji na mhazini, maana jamaa za mama hawapendi ukarimu wake. Tukatuma. Zikaombwa dola 260 za kodi. Tukatuma. Walipoomba mara ya tatu, mama mhazini wetu akauliza, «Baba Mchungaji, mtu anayetaka kutupa, mbona sisi ndio tunaompa?» Hapo macho yakafunguka. Tulipopiga namba ile, ilikuwa imezimwa.

Pesa hizo zilikuwa za mabati ya darasa. Zilikusanywa kwa miezi saba, nyingi zikiwa noti za franka 500 kutoka kwa wamama wanaouza mihogo na mafuta ya mawese sokoni. Darasa lile bado limefunikwa kwa turubai. Tunaandika ili parokia nyingine isije ikalipa ada ya somo hili mara ya pili.

Kwa nini wanatutafuta sisi

Wengi hudhani anayedanganywa ni mtu wa tamaa au mjinga. Tulivyojionea, sivyo. Waliotudanganya hawakugusa tamaa yetu. Waligusa uhitaji wetu na upendo wetu kwa watoto. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, makanisa yamekuwa yakipokea wajane, yatima na waliokimbia vijiji vyao. Kanisa linaloomba msaada usiku na mchana liko tayari kuamini kwamba msaada umefika.

Tena, sisi wenyewe tunawapa habari. Tunaweka kwenye Facebook picha za watoto, jina la mchungaji, namba ya simu, na mwito wa kuomba msaada. Tapeli (hapa kwetu vijana humwita «eskro») husoma hayo yote kabla ya kuandika. Ndiyo maana barua yake hugusa jambo lile lile tunaloliombea. Tunasema, «Mungu amejibu kwa usahihi!» Kumbe mtu amesoma tangazo letu.

Kuna na sababu ya tatu. Mara nyingine habari njema za namna hii zimekuwa za kweli. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, vijana wengi wa Beni, Mangina, Butembo na Katwa walipata kazi za muda katika mashirika. Makanisa yamewahi kusaidiwa kweli na ndugu wa mbali. Tapeli hutembea nyuma ya mambo ya kweli na kuvaa nguo zake.

Udanganyifu wa zamani katika nguo mpya

Hila hii imeitangulia intaneti kwa muda mrefu. Ufaransa, wakati wa Mapinduzi, wafungwa waliandika barua kwa matajiri wakidai kwamba bwana wao alificha sanduku la dhahabu alipokuwa akikimbia, na kwamba pesa kidogo tu zingetosha kulipata. Ziliitwa «barua za Yerusalemu». Vidocq, mfungwa aliyekuja kuwa mkuu wa upelelezi wa polisi wa Paris, alizieleza katika miaka ya 1830. Alisema kwamba katika kila barua 100, 20 zilipata jibu.

Nchi yetu pia iliwahi kufanywa chambo. Mobutu alipoondoka Kinshasa Mei 1997 na kufa Rabat Septemba mwaka ule, barua pepe zilienea duniani kote zikidai kutoka kwa mjane wake au mwanawe. Ziliomba msaada wa kuhamisha mamilioni yaliyofichwa. Watu wa Ulaya na Marekani ambao hawajawahi kuiona Kongo walituma pesa zao na hawakuziona tena. Barua za aina hiyo huitwa duniani kwa namba 419, kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu udanganyifu. Hata hivyo matapeli wanatoka katika kila taifa, pamoja na letu. Nao wazee wetu wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Iliahidi kuzidisha pesa za watu kwa muda mfupi, kisha ikaanguka na kuacha familia nyingi mikono mitupu.

Zamani tapeli wa barua pepe alimtumia mzungu utajiri wa Kongo. Leo anamtumia Mkongo huruma ya mzungu. Chombo kimebadilika, lakini mwendo ni ule ule: ahadi kubwa, malipo madogo ya kwanza, haraka, na siri.

Sura zake tunazoziona

*Mfadhili mgonjwa au urithi.* Ni ile iliyotukuta sisi. Mjane, mwanajeshi mstaafu au mfanyabiashara anayekufa anataka kuachia kanisa mali yake. Baadaye hutokea «mwanasheria» au «benki» na gharama zisizokwisha.

*Kazi katika shirika.* Ujumbe una nembo ya Umoja wa Mataifa au ya ONG kubwa. Umechaguliwa, tuma pesa ya mafunzo au ya uchunguzi wa afya. Vijana wetu wajue hili: Umoja wa Mataifa hautozi malipo yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri watu.

*Safari na viza.* Ndugu zetu walio katika kambi za Uganda, kama Kyangwali na Nakivale, huandikiwa kwamba majina yao yametoka kwa ajili ya kuhamishiwa Marekani au Kanada, walipe ili dosie isogee. UNHCR haiuzi huduma zake. Kuhamishiwa nchi nyingine hakulipiwi. Wengine huambiwa wameshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani. Serikali ya Marekani haikuwa na desturi ya kuwaandikia washindi barua pepe za kuwapongeza. Kila aliyejiandikisha alitakiwa kujitazamia mwenyewe kwenye tovuti rasmi.

*Sauti ya mkubwa wa kanisa.* Barua au ujumbe wa WhatsApp unakuja kwa jina na picha ya mchungaji, msimamizi au Mwakilishi wa Kisheria: «Niko kikaoni, usipige simu. Kuna mgonjwa, tuma haraka kwa namba hii, nitarudisha jioni.» Mwaka 2019 shirika la serikali ya Marekani linalowalinda wanunuzi, FTC, liliwaonya waumini wa huko juu ya ujumbe kama huo uliotumia majina ya wachungaji wao. Heshima yetu kwa mchungaji ndiyo inayoibiwa hapo.

*Konti iliyotekwa.* Tapeli anaingia katika WhatsApp ya ndugu wa kweli, kisha anawaandikia watu wake wote. Hapo namba ni ya kweli na picha ni ya kweli, lakini anayeandika ni mwingine. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, jamaa wametawanyika, na ujumbe wa «nimekwama njiani, nisaidieni» unaaminika upesi. Wanaoumia zaidi mara nyingi ni watoto wetu walio Ulaya na Marekani, ambao hutuma pesa bila kukawia wanaposikia habari mbaya za nyumbani.

*Pesa zilizotumwa kwa makosa.* Unapata SMS inayofanana na ya kampuni ya simu: umepokea franka 150,000. Kisha mtu anakupigia akilia: «Ndugu, nimekosea namba, nirudishie.» Usitazame SMS. Tazama salio lako wewe mwenyewe kwenye menyu ya simu. Mara nyingi hakuna kilichoingia.

Namna ya kuisoma barua

Unapopokea barua ya mtu usiyemjua, au ya mtu unayemjua inayoomba jambo lisilo la kawaida, iangalie kwa utaratibu huu.

1. *Tazama anwani, usitazame jina tu.* Jina linaloonekana juu mtu yeyote anaweza kuliandika apendavyo. Gusa jina hilo ili anwani yenyewe ifunguke. Sehemu inayofuata alama ya @ ndiyo inayoonyesha nyumba barua ilikotoka. Anwani ya Umoja wa Mataifa inaweza kuishia na un.org. Lakini iliyo na maneno «un» na «kazi» yameunganishwa kwa vistari, au ya Gmail ya kawaida, si ya Umoja wa Mataifa hata ikiwa na nembo. Tena jueni kwamba hata anwani yenyewe inaweza kughushiwa. Anwani mbaya inatosha kukataa barua, lakini anwani nzuri pekee haitoshi kuikubali.

2. *Tazama jibu lako linakwenda wapi.* Bonyeza «jibu» bila kutuma. Ikiwa anwani inayotokea ni tofauti na ile iliyokuandikia, acha hapo.

3. *Usiguse kiungo kabla ya kukisoma.* Kwenye simu, kishikilie kidole kwa muda bila kukiachia, na anwani yake ya kweli itaonekana. Maneno ya juu yaweza kusema «benki» huku njia ikielekea kwingine kabisa. Alama ya kufuli kwenye tovuti inamaanisha tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Haimaanishi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.

4. *Usifungue faili usiyoitarajia,* hata ikiitwa «barua ya mwaliko» au «fomu ya msaada». Faili nyingine hubeba programu za kuiba maneno ya siri.

5. *Sikiliza barua inakusukuma namna gani.* Je, inakutaka ufanye haraka? Inakutaka unyamaze? Inakuogopesha, au inakusifu kupita kiasi? Mtu wa kweli anaweza kuwa na haraka. Lakini haraka na siri zikija pamoja na ombi la pesa, simama.

6. *Usitegemee makosa ya lugha.* Zamani tulisema barua yenye Kifaransa kibovu ni ya uongo. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza kwamba hadithi isiyoaminika inaweza kumfaa tapeli, maana inawachuja watu wenye mashaka na kumwachia walio tayari kuamini. Leo kompyuta zinaweza kuandika barua safi kwa lugha yoyote, na hata kuiga sauti na picha. Barua iliyotudanganya sisi haikuwa na kosa hata moja.

Juu ya yote, shikeni neno la mama mhazini wetu. Anayetaka kukupa hakuombi utoe kwanza. Benki inapokuwa na gharama ya kupokea pesa, huikata katika pesa zilizoingia. Ni kweli kuna mambo halali yanayolipiwa, kama paspoti, au dosie ya kuomba chuo fulani. Lakini hayo hulipwa kwa ofisi au benki inayojulikana, kwa bei inayotangazwa kwa wote, na risiti hutolewa. Hayatumwi kwa simu ya mtu binafsi.

Wagibeoni na sahihi ya Paulo

Tunaposoma Yoshua sura ya 9, tunaona jinsi watu wa Mungu walivyodanganywa kwa ushahidi mzuri. Wagibeoni walikuja na mikate iliyokauka, viatu vilivyoshonwa-shonwa, na viriba vilivyochakaa, wakisema wametoka nchi ya mbali. Waisraeli walichunguza mikate, lakini hawakutafuta shauri la Bwana. Wakaapa. Siku tatu baadaye wakagundua kwamba wageni wale walikuwa majirani. Picha ya mama mgonjwa katika barua yetu ilikuwa mkate mkavu wa Gibeoni. Ilitufanya tuone tumechunguza, kumbe tulitazama kile tu alichotaka tukitazame.

Mtu atasema, «Lakini ninyi mliomba!» Ndiyo, tuliomba. Tulimshukuru Mungu kwa jibu kabla ya kuuliza kama ni jibu. Kutafuta shauri la Bwana ni pamoja na kuwauliza watu aliotupa: wazee, wenye ujuzi wa sheria, vijana wanaojua mitandao. Kuuliza hakupunguzi imani. Mezali 14:15 inamtofautisha mtu mwenye busara na yule anayeamini kila neno.

Agano Jipya nalo linaijua barua ya uongo. Katika 2 Watesalonika 2:2 Paulo anawaonya waumini wasitikiswe na barua inayodaiwa kutoka kwake. Mwishoni mwa waraka huo, 3:17, anawaonyesha alama: salamu aliyoandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtume hakuona aibu kuwapa wasomaji wake njia ya kuhakikisha. Basi mchungaji wa leo asikasirike mshiriki anapompigia simu kuuliza, «Baba, ni wewe kweli uliyeandika?» Na amshukuru.

Tena Paulo huyo, katika 2 Wakorinto 8:18-21, hakubeba sadaka ya makanisa peke yake. Alitaka wenzake waende nayo, ili asiwepo wa kulaumu, na jambo liwe jema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Tapeli wetu alitaka kinyume chake: mchungaji na mhazini peke yao, gizani. Kama barua ya pili ingesomwa mbele ya kamati nzima kama ya kwanza, tunaamini mmoja wao angeuliza swali. Furaha tuliisoma hadharani, malipo tukayaficha. Hapo ndipo tulipokosea.

Kujibu kwa usalama

Usijibu papo hapo. Hata kujibu «mimi si mjinga» kunamwonyesha tapeli kwamba anwani yako iko hai na kwamba unasoma. Barua ya uongo iliyo wazi, iweke katika taka, mzuie mwandishi, basi.

Barua usiyo na hakika nayo, ihakikishe kwa njia nyingine. Usipige namba iliyo ndani ya barua hiyo. Ikiwa ni shirika, nenda ofisini kwao, au tafuta namba yao kwenye tovuti yao uliyoiandika mwenyewe. Ikiwa ni ndugu, mpigie kwa sauti kwenye namba yake ya zamani, na umwulize jambo ambalo halimo kwenye Facebook. Ikiwa ni mkubwa wa kanisa, pitia kwa katibu wake. Mfadhili wa kweli hatachukia kungojea juma mbili. Yeye mwenyewe atataka kuijua parokia, kuona nyaraka zake, na kutuma pesa kwa konti yenye jina la kanisa.

Kamwe usimpe mtu neno la siri, namba ya siri ya pesa za simu, picha ya kadi ya uchaguzi, au tarakimu sita zinazotumwa na WhatsApp. Tarakimu hizo ni ufunguo wa nyumba. Ingia leo katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya konti, uweke uthibitisho wa hatua mbili. Fanya hivyo hivyo kwa barua pepe ya kanisa.

Mapatano tuliyofanya parokiani

Baada ya hasara yetu tuliweka mambo matano. Tunayapendekeza kwa makanisa mengine.

Kwanza, barua pepe ya kanisa inasomwa na watu wawili, na neno lake la siri hubadilishwa mtumishi anapohamishwa. Pili, hakuna pesa ya kanisa inayotoka bila sahihi ya watu watatu, hata mchungaji akiomba kwa haraka. Tatu, ombi lolote linalosema «iwe siri» linasomwa mbele ya kamati yote. Nne, tunapotangaza mahitaji yetu kwenye mtandao, hatuweki namba binafsi za simu wala picha za watoto zenye majina yao. Anayetaka kusaidia anaelekezwa kwenye ofisi ya kanisa. Tano, mara moja kila miezi mitatu, baada ya ibada ya siku ya Mungu, vijana wanawaonyesha wazee ujumbe wa uongo uliopokelewa karibuni, nao wote wanaujadili. Tulishangaa siku ya kwanza. Karibu kila benchi lilikuwa na mtu aliyewahi kuupokea, na hakuna aliyekuwa amesema.

Ikiwa umekwisha kutuma

Fanya upesi, bila kuona haya.

Piga simu kwa kampuni ya pesa za simu au nenda kwenye ofisi yao saa ile ile, uwape namba ya muamala. Ikiwa pesa hazijatolewa upande wa pili, huenda zikazuiwa. Ikiwa ulipitia benki, nenda benki. Badilisha maneno yako ya siri, ukianza na la barua pepe, maana ndilo linalofungua mengine. Kama WhatsApp imetekwa, isajili upya kwa namba yako. Utatumiwa tarakimu mpya kwa SMS, na ukiziingiza, aliyeiteka atatolewa. Wajulishe watu wako kwa sauti kwamba ujumbe uliotoka kwako si wako.

Usifute kitu. Hifadhi barua, namba, tarehe na picha za kioo cha simu, kisha peleka malalamiko kwa polisi au ofisi ya sheria. Udanganyifu wa kujipatia mali ya mtu ni kosa katika kifungu cha 98 cha sheria yetu ya jinai, na adhabu yake ya kifungo ni kati ya miezi mitatu na miaka mitano. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina pia sheria ya mambo ya kidijitali, inayogusa makosa yanayofanywa kwa njia ya mitandao. Hatuwaahidi kwamba pesa zitarudi, zetu hazikurudi. Lakini malalamiko yaliyoandikwa yanaweza kumsaidia mwingine.

Tahadhari na mwizi wa pili. Baada ya miezi miwili tuliandikiwa na mtu aliyejiita afisa wa polisi wa kimataifa. Alisema amemkamata aliyetuibia, na kwamba tukilipa dola 150 tutarudishiwa zote. Aliyekwisha kuumwa mara moja huwindwa tena. Safari hii barua ilisomwa mbele ya kamati yote, na haikuchukua hata dakika tano.

Neno kwa wachungaji, wazee na vijana

Mshiriki akija kwenu akisema amedanganywa, msianze na «ulikuwa wapi na akili zako?» Aibu ndiyo inayomfungia mtu pamoja na tapeli. Tunamjua binti aliyeendelea kutuma pesa za «kazi ya shirika» kwa majuma matatu baada ya kushtuka, kwa sababu aliogopa kumwambia baba yake kwamba pesa za masomo zimekwisha. Alitaka kuzirudisha kabla hazijaulizwa. Mlango wa mchungaji ungekuwa wazi, angepoteza theluthi tu ya alichopoteza.

Na kwenu vijana mlio na ujuzi wa simu kuliko sisi: kuna wanaowaita katika kazi hii kama vile ni ujanja wa kuishi. Wanasema tunaowaibia ni matajiri wa mbali. Mama wa sokoni aliyetoa noti ya franka 500 hakuwa mbali. Ujuzi wenu ni karama. Upelekeni pale penye benchi la wazee.

Bwana Yesu, katika Matayo 10:16, aliwatuma wanafunzi wake wakiwa na busara ya nyoka na upole wa njiwa pamoja. Sisi tulishika upole tukaacha busara. Sasa tumeanza tena kukusanya pesa za mabati. Hesabu imeandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani mwa kanisa, kila franka na tarehe yake, na kila anayeingia anaisoma. Kufikia juma lililopita tulikuwa tumepata mabati 11 kati ya 40. Mama mhazini ndiye mwenye kalamu.